Mbwene

Kila nyumba imepewa neno moja la kale ilitunze, na lisipotamkwa kwa siku saba, kifaa cha ukutani hulifuta. Letu ni "mbwene", yaani nimeona. Nyanya Mwanashee alinipokea nalo kila nilipofika Lamu, wala hakulisema kwa mtu mwingine.

Kazi iliponibana, nilimwomba jirani yake, wa kabila la Wapokomo, apite kila Ijumaa amwamkie kwa neno la kwao linalofanana na letu. Kifaa kilidanganyika, taa yake ikabaki ya kijani. Nami nikajiambia mambo ni sawa.

Baada ya miezi mitano ndipo nilipobisha hodi. Nyanya aliniangalia kutoka miguuni hadi kichwani. Nikasubiri neno letu.

"Karibu, mgeni," akasema.

Ukutani, taa ilikuwa bado ya kijani.