Maua ya Bustani ya Wodi

Shomvi alikuwa mtunza bustani wa hospitali, na binti yake Zuhena alikuwa amelazwa humo humo kwa saratani ya damu. Siku daktari alipomwambia kwamba dawa ya mtoto hutokana na yale maua ya pinki anayoyamwagilia kila asubuhi, alicheka kwa furaha.

Sasa dawa ilikuwa imekosekana kwa wiki ya tatu. Shomvi aling'oa shina zima, majani na maua yake, akampelekea muuguzi.

"Sista, mchemshieni mwanangu."

"Baba, hiyo ni sumu. Utamuua upesi kuliko ugonjwa," Sista Perpetua alisema. "Kiwandani wanasaga magunia kwa magunia wapate dawa kidogo tu."

"Na hicho kiwanda kiko wapi?"

"Ng'ambo huko."

"Kwa hiyo kazi yangu mimi ni kumwagilia tu."

Zuhena aliyaona maua mikononi mwa baba yake, akaomba moja achomeke sikioni. Halikukaa, maana nywele zote zilikwisha nyonyoka. Shomvi akaketi kitandani, akalishikilia kwa kidole lisidondoke.