Haijawahi Kufunguliwa

Disketi ilikohoa ndani ya kompyuta kama mzee aliyeamshwa vibaya, kisha skrini ikadai neno la siri.

Mama Beji akashusha pumzi. Tangu disketi yake ya zamani iliwe na ukungu, mashine ya kudarizi, isiyosoma mchoro ila kwa disketi, ilikuwa imekaa karakanani kama mkwe aliyesusa. Beji za shule nzima zilitakiwa kesho. Zikikosekana, kazi inahamia kwa jirani na mashine inakwenda kwa wauza vyuma chakavu. Ndipo akaiona disketi hii mtandaoni, akainunua. Tangazo liliapa kwamba haijawahi kufunguliwa, naye akaelewa kuwa ni mpya.

Akamwandikia muuzaji. Jibu likaja na adabu zake zote: ni kweli haijawahi kufunguliwa, maana yeye mwenyewe amejaribu ikamshinda. Aliikuta kwenye mzigo wa vyuma vya fundi fulani.

Mama Beji akaichomoa, akaisogeza dirishani. Mwandiko ule wa kwenye lebo angeutambua hata gizani.

"Baba watoto, hii si yako? Uliyoiuza na ile mashine mbovu?"

Mumewe, fundi wa mashine, akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni akiwa uchi. Akasema huenda, ila neno lenyewe amelisahau. Tena vitu vya zamani huja na virusi, bora irudishwe.

"Irudi wapi, na beji ni kesho?"

Akaipachika tena, akabonyeza kitufe cha msaada. Kidokezo kikajitokeza: *Jina la nimpendaye.*

Mama Beji akacheka hadi mabega yakatikisika. Kumbe ni hilo tu, na mzee mzima anaona haya. Akaandika jina lake. Kompyuta ikakataa. Akaandika lile la utani, la enzi za uchumba. Wapi. Akajaribu ya watoto, akajaribu hata la mama mkwe, Mungu amrehemu. Skrini ikaonya kuwa imebaki nafasi moja, kisha disketi itajifunga milele.

Mumewe alikuwa akipangusa cherehani isiyo na vumbi.

Mama Beji akainamia meza, akalia bila sauti, vitambaa vya beji vikimwanguka mapajani.

Mdogo wake wa kike, aliyekuwa pembeni akikata nyuzi, hakuweza kuvumilia. Akamsogeza dada yake taratibu, akaandika jina lake mwenyewe, bila hata kumtazama shemeji.

Disketi ikafunguka, na mashine ikaanza kudarizi.