Mke Mwenzangu wa Chuma

Mafundi wa jua kali walilikarabati kaburi la mume wangu vizuri, sina neno. Waling'oa magugu, wakamwaga simiti mpya. Hatimaye walikumbuka nani aliyebuni mashine ya kupukuchua mahindi inayowalisha.

Kisha wakashusha kutoka mkokotenini mashine yake ya kwanza kabisa.

"Mama Mbithi, hii tunaisimamisha hapa, upande wa kichwa," akasema mkubwa wao.

Mashine hiyo ilikaa chumbani kwetu Kaloleni, ikigusa kitanda. Kila jioni mume wangu aliipaka grisi kwa vidole vitupu, polepole. Mimi mgongo wangu nilijipaka mafuta mwenyewe.

"Hata huku alale naye?" nikauliza.



Nikapiga magoti, nikakandamiza kiganja changu kwenye simiti mbichi, pale pale upande wa kichwa, nikasubiri ishike.