Kitufe cha Saa Mbili Asubuhi

Seva ya picha za eksirei ilikuwa ikikoroma, na diski yake ya tatu ilikuwa imepata moto kama pasi.

"Fundi, mgonjwa yuko mezani, picha hazifunguki!" Daktari wa upasuaji alisimama mlangoni, mikono yenye glavu ameiinua juu.

Nilifungua orodha ya matukio. Makosa ya diski: mawili, tisa, mia nne. Kila siku saa mbili asubuhi mtu alifuta maonyo yake, yakaanza upya. Mwezi mzima.

"Nani anafuta maonyo haya?" nilifoka.

"Mimi, shemeji," karani wa chumba cha picha alijibu bila wasiwasi kutoka meza ya jirani. "Si ulinionyesha mwenyewe kabla ya likizo yako? Taa nyekundu ikiwaka nibonyeze hapa, nisikusumbue kwa simu."

Akabonyeza tena, kucha ikigonga kitufe.

"Sijaruka hata siku moja. Ila leo taa imegoma kuzima."