Jumbe Kumi na Moja

Siku ya saba tangu mtandao uzimwe mji mzima, Bi Tunu alisikia kwamba hoteli ya karibu na soko bado inaupata kwa dishi lililo juu ya paa. Akaenda asubuhi hiyohiyo.

"Ni wa wageni tu, mama," mlinzi alimwambia getini.

"Binti yangu Salha yuko Arabuni, anafanya kazi za ndani. Sijamsikia wiki nzima, mwanangu."

Mlinzi aligeuka kutazama nyuma, kisha akaichukua simu ya Bi Tunu na kumwandikia neno la siri la mtandao. "Simama hapo ukutani. Usikawie."

Jumbe za sauti zikaanza kuingia, kumi na moja, zote kutoka namba ya Salha. Akafungua wa kwanza.

"Mama, wamenifungia chumbani. Nijibu."

Wa pili ulikuwa kilio kitupu. Bi Tunu akaenda moja kwa moja kwenye wa mwisho, uliotumwa jana. Ilikuwa sauti ya mwanamke asiyemjua.

"Wewe ndiye mama yake Salha? Ukiupata ujumbe huu, piga upesi."

Akapiga. Simu iliita, ikaita. Meneja alipotokea mlangoni kuuliza yule ni nani, mlinzi alisogea akasimama katikati yao, na simu ikaendelea kuita.