Kioo Juu ya Ufa

Mize alikuwa akikwangua ukuta wa msikiti wa kale alipoona kioo kimepasuka. Asubuhi ile yeye na wenzake wa kujitolea walikuwa wamekibandika juu ya ufa. Ukuta ukitulia, kioo hubaki kizima; ukisogea, hupasuka.

"Fundi Shomvi, njoo uone!"

Fundi aligonga ukuta kwa kidole, ukaitika kama mtungi mtupu. "Mwendawazimu gani aliziba hapa kwa simenti? Imefungia maji ndani!"

Mwaka jana chokaa ya kuzibia ilichelewa kuiva katika shimo ilimolowekwa, naye Mize, akitaka kumaliza kabla ya mvua, akatumia simenti. "Ni mimi, fundi."

Upande wa pili, watoto wa madrasa walikuwa wakija kichochoroni, wakiburuza vijiti ukutani. Mize alitoka mbio, akawarudisha wasije wakaangukiwa, akafunga njia kwa kamba.

Walibandua simenti kidogo kidogo, na jua lilipopungua wakabandika kioo kipya.

"Simenti iliyobaki tutaitoa kesho," alisema Shomvi, "tukikikuta kizima."

Wengine walikusanya vyombo. Mize alibaki mbele ya kioo, amebana pumzi, kana kwamba hata pumzi yake ingeweza kukipasua.