Kidole Gumba cha Sengondo

"Jina la sabuni yetu linafanya nini kwenye tovuti yako?" aliuliza jamaa wa kampuni ya sabuni, nyundo mkononi.

"Nambeya ni jina la mama yangu," Sengondo alijibu. "Nyie mmelikuta."

Nyundo ikashuka. Kidole gumba cha kulia kikapondeka juu ya meza, na Sengondo akapiga yowe hadi sauti ikamkauka.

"Haya mzee, yaishe. Fungua simu, utuhamishie hiyo anwani ya tovuti."

Sengondo akaangua kicheko huku damu ikimchuruzika. Namba ya siri alishaisahau zamani; simu ilifunguka kwa alama ya kidole hicho tu.

Jamaa akakikamata, akakibandika kwenye kioo. Simu ikatetemeka, ikakataa. Akakifuta damu kwa shati lake mwenyewe, taratibu, kama anayemfuta mtoto machozi, akakibandika tena.